Kituo Kizuri Ndicho Kinachoishiwa Dawa

Machi 2001 Uganda ilifuta ada za matibabu katika vituo vya serikali, isipokuwa wodi za kulipia hospitalini. Wagonjwa waliongezeka, hasa maskini. Lakini utafiti wa Ke Xu na wenzake, uliochapishwa 2006, ulibaini jambo la kusikitisha: mzigo wa gharama zinazofilisi kaya maskini haukupungua. Watafiti walishuku kwamba dawa zilikuwa zikiisha kituoni, na mgonjwa anapewa karatasi akanunue mwenyewe dukani.

Kule Kuluba, wilayani Koboko nchini Uganda, tatizo hilo lina sura yake. Sudan Kusini iko jirani, Kongo haiko mbali, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, maelfu ya wakimbizi walipokelewa hapo kabla ya kupelekwa makambini. Hata nyakati za utulivu, mama mwenye mtoto anayechemka kwa homa hufuata tiba ilipo, awe wa upande huu au ule.

Dawa, kinyume chake, hazigawanywi kwa kumfuata mgonjwa. Bohari ya Taifa ya Dawa hupeleka shehena kila baada ya miezi miwili. Kwa miaka mingi vituo vya ngazi ya pili na ya tatu vilipokea maboksi yaliyofungwa tayari kulingana na ngazi ya kituo, si wingi wa wagonjwa wake. Hata kituo kinachoruhusiwa kuagiza hukwama kwenye ukomo wa bajeti. Sasa fikiria mkunga mchapakazi, mwenye lugha nzuri kwa wagonjwa. Sifa zake zinavuka mpaka, foleni inarefuka, na boksi la miezi miwili linakwisha mapema. Kituo kinachofunguliwa saa nne na kufungwa saa saba hubaki na akiba. Kwa hiyo bidii ya mkunga inaadhibiwa, tena na mfumo ule ule unaomhimiza ahudumie wengi.

Rafu ikiwa tupu, duka la dawa linanawiri. Mwenye duka hupata riziki kwa kuuza dawa mseto za malaria. Kipimo kikionyesha kwamba homa si malaria, amekosa mauzo. Na pale ambapo mhudumu wa serikali ana duka lake mwenyewe, upungufu kazini humletea wateja. Mwaka 2009 serikali iliunda kitengo cha kufuatilia wizi wa dawa. Nakiunga mkono, ila kumkamata mwizi hakuongezi dawa za mgonjwa wa mia tatu.

Wapo wanaotaka vituo vilipwe kwa huduma zilizotolewa. Ni wazo zuri lenye hatari yake: huduma inayolipiwa hukimbiliwa, isiyolipiwa hupuuzwa, na daftari hushawishika kuongeza majina. Wengine wanategemea bima ya taifa, lakini muswada uliopitishwa na Bunge Machi 2021 haukupata saini ya Rais.

Mimi nataka dawa zimfuate mgonjwa, pamoja na yule aliyetoka ng'ambo, kwa sababu malaria yake isiyotibiwa itasambazwa na mbu wa Kuluba. Daftari la wagonjwa wa nje tayari lina safu ya mahali mtu anakoishi. Wilaya ijumlishe safu hiyo kila mwezi, ikaguliwe, kisha bajeti ya dawa ya Koboko ikokotolewe kwa hesabu hiyo badala ya ngazi ya kituo peke yake.