Utambuzi wa Mtuhumiwa kwa Macho ya Shahidi Mtoto
Katika shauri la Waziri Amani (1980), Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kuwa utambuzi kwa macho ni ushahidi wa aina dhaifu kabisa, usiotegemewa mpaka kila uwezekano wa makosa uondolewe. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 aweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli. Ahadi hiyo huzuia uongo. Haizuii kosa la dhati. Tafiti zinaonesha kuwa katika gwaride la utambuzi lisilo na mhalifu, watoto humchagua asiyehusika mara nyingi kuliko watu wazima, pengine kwa kudhani kwamba mkubwa aliyewaita anatarajia jibu. Kwa hiyo kupima mwanga, umbali na muda hakutoshi. Swali la askari, “Ni yupi kati ya hawa?”, limekwisha kumwambia mtoto kwamba mhalifu yumo.