MTUMISHI WA KANISA NAYE ANAHITAJI KUPUMZIKA



Hapa Kigali, katika viwanda vya Masoro, na hata huko Rulindo na Gicumbi kwenye mashamba ya chai, mara nyingi mtu tunayemchagua kuwa mwakilishi wetu ndiye huyo huyo mwalimu wa kwaya, mweka hazina wa kikundi cha akiba cha kanisa na kiongozi wa jumuiya mtaani. Jambo hili si la ajabu. Mtu aliyezoea kubeba shida za wenzake kazini hawezi kuzifumbia macho akirudi nyumbani.

Lakini watu wa namna hii tunawapoteza. Kwanza mtu anakuja kikaoni amenuna, halafu anaanza kuchelewa, mwishowe haji kabisa. Kanisani wanasema amepoa katika imani. Tawini wanasema amenunuliwa na mwajiri. Sisi tunasema mara nyingi mtu huyo amechakaa, na kuchakaa kuna sababu zinazojulikana na kuna njia za kukuzuia.

Kuchakaa ni nini?

Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia Herbert Freudenberger, wa mjini New York, aliandika juu ya hali hii. Yeye mwenyewe mchana alikuwa na kazi yake ya kawaida, na jioni alijitolea katika zahanati iliyotibu watu bila malipo. Aliona kwamba walioishiwa nguvu hawakuwa wavivu, bali wale waliojitoa kuliko wenzao wote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo kwa dalili tatu: mtu huishiwa nguvu kabisa, huichukia au kuidharau kazi aliyoipenda, na hushindwa kuifanya vizuri kama zamani. Shirika hilo halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na mzigo wa kazini uliodumu bila kupunguzwa. Shirika lilizungumzia kazi ya ajira, lakini tusisahau kwamba Freudenberger aliiona kwa watu wa kujitolea.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kiwandani anayefanya kazi siku 6 kwa wiki. Mazoezi ya kwaya yanamchukua saa 4 kwa wiki, mkesha wa maombi saa 4, ibada na vikao vya Jumapili saa 5, kutembelea wagonjwa na wafiwa saa 3. Jumla ni saa 16, yaani zamu 2 nzima za saa 8 juu ya zile za kiwandani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna umuganda, kuanzia saa 2 mpaka saa 5 asubuhi. Mama mwenye kazi hizo zote bado anangojwa na maji, kuni na watoto. Mtu huyu Jumatatu anasimama mbele ya mashine akiwa na usingizi. Hapo ndipo vidole vinapokatika.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kwamba mfanyakazi wa kiwandani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo katika kila siku 7. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 nayo inatoa mapumziko hayo. Wafanyakazi wa nchi nyingi waliyapigania. Si vema tumnyang'anye mwajiri siku hiyo kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono wa pili tuitoe yote mpaka isibaki hata saa ya kulala.

Tena mwajiri asije akayageuza maneno haya. Mahali ambapo mtu amechoka kwa saa za ziada zisizolipwa, au kwa mshahara unaomlazimisha kutafuta kibarua cha pili, kosa si la kwaya. Hilo ni dai letu, na mahali pake ni mezani kwa mwajiri.

Je, kupumzika ni kukosa imani?

Wako wanaofundisha hivyo. Lakini tusome Biblia yenyewe. Katika Kutoka sura ya 18, Musa alikuwa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, peke yake. Mkwewe Yethro hakumsifu. Alimwambia kwamba atajichosha yeye pamoja na watu wake, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, Eliya alichoka hata akaomba afe. Hakukemewa. Alipewa usingizi, chakula na maji, na baadaye akapewa Elisha wa kumsaidia. Katika Marko sura ya 6, Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, na waliporudi aliwaita kando wapumzike.

Tufanye nini?

Kwanza, mtu mmoja asishike vyeo viwili vizito. Aliye mweka hazina wa tawi asiwe pia mweka hazina wa kikundi cha kanisa.

Pili, kila cheo kiwe na muda wake na msaidizi anayefundishwa kazi. Anayeondoka kwa zamu haondoki kwa aibu.

Tatu, kuwe na jioni zisizo na kikao, na watu waziheshimu.

Nne, wanaowahudumia wenye majeraha ya moyo waende wawili wawili. Hili ni zito zaidi kwetu kuanzia tarehe 7 Aprili, tunapowakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wengi wanaofariji ni wafiwa wenyewe. Baada ya kusikiliza, nao wapate wa kuwasikiliza. Mgonjwa aliyezidiwa apelekwe kituo cha afya, na kutoka hapo anaweza kupelekwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera. Maombi na matibabu havigombani.

Tano, tutumie njia ya Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo mwaka 1925: kuona, kupima, kutenda. Katika kila kikao, kabla ya kugawa kazi mpya, tuulizane nani amebeba nini tangu kikao kilichopita.

Basi katika kikao kijacho cha tawi, katibu aandike ubaoni majina ya viongozi na vyeo vyote walivyo navyo, vya kiwandani, vya mtaani na vya kanisani. Atakayeonekana ana vyeo vitatu, tusimpigie makofi. Tumuulize ni kipi tumpokee.