Ekari, Hekta na Hatua za Mkulima

Katibu wa chama cha msingi anapoagiza mbolea, hutakiwa kuonyesha ukubwa wa mashamba ya wanachama. Fomu ikidai hekta, naye akaandika ekari alizotajiwa, kosa hilo hugeuka deni. Tuchukue mfano wa chama chenye ekari 300, kikishauriwa kutia mifuko 2 kwa hekta. Ekari 300 ni hekta 121 na kidogo, kwa hiyo mifuko 243 yatosha. Zikiandikwa hekta 300, italetwa mifuko 600. Nayo 357 ya ziada italipiwa na wanachama, mvua inyeshe isinyeshe.

Ekari tumeachiwa na Waingereza. Kwao lilikuwa shamba la kulimwa kwa maksai siku moja, na kipimo chake kikathibitishwa kuwa urefu wa yadi 220 na upana wa yadi 22. Upana huo ndio urefu wa mnyororo wa wapima ardhi uliobuniwa na Edmund Gunter mwaka 1620. Zidisha, upate yadi za mraba 4,840. Yadi, kwa mapatano ya mwaka 1959, ni mita 0.9144, basi ekari ni mita za mraba 4,047 hivi. Hekta ni 10,000, yaani karibu ekari mbili na nusu.

Vijijini wengi hupima hatua 70 kwa 70. Desturi hiyo si ya kudharauliwa: hatua ikiwa yadi kamili, hupatikana yadi za mraba 4,900, ziada ya 60 tu. Lakini hatua ya nani? Kijana mrefu anayefikisha mita nzima atapima mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari kwa moja ya tano. Mzee mwenye hatua ya sentimita 75 atapima 2,756, pungufu ya robo tatu ya ekari. Kibarua wa palizi hulipwa sawa katika mashamba yote mawili, na mkopo wa pembejeo huandikwa ule ule.

Afadhali chama kiwe na kamba isiyonyumbuka, yenye mita 63.6, ambao ndio upande mmoja wa ekari ya mraba. Shamba lililopinda ligawanywe pembetatu. Kitako cha kila moja kizidishwe kwa kimo chake, kisha kigawanywe kwa 2. Hati ya zamani ikitaja ekari, zidisha kwa 0.405 kupata hekta.