Shifti sawa kwa wote, mzigo kwa mama

Mwaka 2016 wauguzi wanaowahudumia wagonjwa majumbani katika eneo la Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza, walitangaziwa utaratibu mpya. Kila mmoja awe tayari kupangiwa siku tofauti, wikiendi ikiwamo, ingawa wikiendi yenyewe isingezidi mara moja kwa mwezi. Mmoja wao alikuwa mama wa watoto watatu, wawili kati yao wenye ulemavu. Kwa miaka mingi, na kwa ridhaa ya mwajiri, alikuwa akiingia kazini Jumatano na Alhamisi tu. Nani atabaki na watoto, nani atawapeleka na nani atawachukua, yote yalipangwa kwa kufuata siku hizo mbili. Akasema hataweza. Mwaka 2017 akaachishwa kazi.

Alipofungua shauri katika baraza la ajira, alishindwa. Wanawake wenzake katika timu yake ndogo waliuweza utaratibu ule. Yeye alishindwa na nini? Kwa wengi hoja hiyo ingetosha kufunga mjadala. Lakini Juni 2021 Baraza la Rufaa za Ajira liliikataa. Lilisema muuguzi huyo hakupaswa kulinganishwa na wenzake wachache wa ofisi moja, bali na wauguzi wote wa majumbani waliowekewa sharti lile. Likaongeza kwamba mzigo wa malezi kuwaelemea zaidi wanawake, na kuwabana katika saa wanazoweza kufanya kazi, ni jambo linalojulikana. Mabaraza yalitambue bila kudai lithibitishwe upya kila mara. Shauri likarudishwa kusikilizwa tena.

Uamuzi huo haukumkataza mwajiri kubadili saa. Bado ana nafasi ya kueleza haja yake na kuonyesha kuwa hakukuwa na njia nyepesi zaidi. Kilichokataliwa ni ile kauli ambayo kila mfanyakazi ameisikia: “Ni kwa wote, hakuna aliyeonewa.” Sharti linaweza kutamkwa kwa maneno yaleyale kwa kila mtu na bado likamwangukia mmoja kwa uzito ambao mwenzake hausikii.

Makubaliano ya mdomo

Tofauti ya Uingereza na kwetu Tanzania inaanzia kwenye karatasi. Kule, tangu 2003 wazazi wenye watoto wadogo wamekuwa na haki ya kisheria ya kuomba kubadilishiwa saa. Mwaka 2014 haki hiyo ikapanuliwa kwa wafanyakazi wengine waliokwisha kukaa kazini wiki 26, na tangu Aprili 2024 mtu anaweza kuomba siku yake ya kwanza kazini. Mwajiri anaweza kukataa kwa sababu zilizotajwa na sheria, lakini akishakubali, saa mpya kwa kawaida huwa sehemu ya mkataba.

Tanzania mambo mengi ya namna hii huamuliwa mlangoni mwa ofisi ya meneja. Mama anarudi kutoka likizo ya uzazi ya siku 84, anaeleza hali yake, meneja anamwambia aingie asubuhi na kutoka saa nane, na mshahara utapungua kidogo. Mwezi unapita, mwaka unapita, mtoto wa pili anazaliwa. Kituo cha kulelea watoto kinalipwa kwa hesabu ya saa hizo, bodaboda anajua amchukue mtoto saa ngapi, dada wa kazi anajua siku yake ya kupumzika. Kisha anakuja meneja mpya, naye Jumapili usiku anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: kuanzia kesho wote shifti mbili, asubuhi na jioni. Mama akiuliza, anajibiwa kwamba hakuna mahali palipoandikwa.

Jibu hilo linaweza kumnyamazisha mtu, lakini si mwisho wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, saa za kazi zikiwamo. Maelezo hayo yakibadilika, inamtaka ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inadai hayohayo: mashauriano kwanza, taarifa ya maandishi baadaye. Ujumbe wa kundi uliotumwa usiku si mashauriano.

Kuna kifungu kingine cha sheria hiyo ya Tanzania kinachotajwa mara chache. Kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na miongoni mwa misingi iliyokatazwa yamo jinsia, ujauzito na majukumu ya kifamilia. Kwa hiyo hoja iliyowashughulisha majaji wa Uingereza ina mlango hata hapa. Anayedai amedhurika anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini asikae sana akisubiri huruma. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Ndiyo maana kitabu cha mahudhurio, hati za mshahara na hata meseji za zamani za meneja aliyehama ni vitu vya kutunza. Miaka minne ya kutoka saa nane kila siku ni ushahidi, ingawa hakuna aliyeuandika kama mkataba.

Upande wa pili wa meza

Haki inataka tumsikilize na mwajiri. Mgonjwa haachi kuumwa Jumamosi. Duka la dawa linalofungwa jioni linapoteza wateja. Na kuna mfanyakazi asiye na mtoto ambaye kwa miaka amebebeshwa kila sikukuu na kila zamu ya usiku kwa sababu “wewe huna familia”, ilhali ana mama mgonjwa Morogoro. Naye ana haki ya kuulizwa.

Lakini meneja anayeuliza kwanza mara nyingi hugundua kwamba tatizo ni dogo kuliko tangazo lake. Huenda pengo halisi ni Jumamosi mbili kwa mwezi, na yupo anayezitaka kwa sababu anasoma siku za wiki. Huenda mama yule anaweza zamu ya jioni Alhamisi, mume wake akiwa nyumbani, akipewa notisi ya mwezi mmoja. Hapo tufike pia kwa akina baba. Ratiba ya mke inapobadilishwa, mara nyingi mume anauliza “sasa utafanyaje?” badala ya “tutafanyaje?”, kisha yeye anaondoka kazini kwake saa ileile ya kila siku. Baba akiomba saa maalumu kwa ajili ya mtoto, ofisini anachekwa. Siku atakapoomba bila kuchekwa, mzigo utaanza kugawanyika, na mwajiri hatapata tena mtu mmoja wa kumwelemea.

Kwa sasa, mama mwenye makubaliano ya mdomo ayaandike wiki hii, hata kwa barua pepe fupi ya kumkumbusha meneja walichokubaliana, meneja huyo angali ofisini. Na meneja mwenye ratiba mpya mezani awaite anaowajua itawagusa kabla hajaibandika. Kikao hicho kitamgharimu asubuhi moja. Akikiruka, anaweza kumpoteza mtu aliyeijua kazi kwa miaka, aanze kumfundisha mgeni, na bado aitwe Tume kueleza kwa nini hakuuliza.