Magoli Hutoka Pembeni

Katika viwanja vingi vya shule na vya vijijini iko desturi moja ambayo imezipotezea timu nyingi ushindi. Kapteni akipanga watu wake, wachezaji hodari huwaweka katikati, na yule asiyejua pa kumweka humpeleka pembeni, akakimbie-kimbie huko asije akaharibu mchezo. Ndivyo mtu anavyofanya na jembe lililovunjika mpini: huliegemeza ukutani akalisahau. Lakini wanaoufahamu vema mchezo wa mpira wa miguu wanajua kwamba pembeni si jalala. Magoli mengi huanzia huko, na timu isiyokuwa na winga wa kweli ni kama jeshi linaloshambulia boma kwa mlango mmoja tu: wenye boma hawana taabu kubwa ya kujilinda.

Fikirini yaliyotokea Uingereza tarehe 2 Mei, 1953, katika uwanja wa Wembley, timu ya Blackpool ilipokutana na Bolton Wanderers katika fainali ya Kombe la F.A. Siku zile sheria haikuruhusu mchezaji wa akiba kuingia badala ya aliyeumia. Eric Bell, hafu-beki wa kushoto wa Bolton, aliumia mguu mapema, na kwa desturi ya wakati ule akapelekwa pembeni kushoto, achecheme huko. Kwa kweli alikuwa shujaa, maana pamoja na maumivu yake alifunga goli kwa kichwa, na Bolton wakawa mbele kwa magoli 3 kwa 1. Hata hivyo upande ule wa kushoto ulikuwa umekwisha kuwa dhaifu. Na kumbe upande huo ndio aliokabiliana nao Stanley Matthews, winga wa kulia wa Blackpool, mtu wa miaka 38, ambaye alikuwa amekwisha kushindwa katika fainali mbili, ya 1948 na ya 1951.

Blackpool wakaanza kumpa Matthews mpira kila walipoupata. Katika dakika ya 68 alipiga krosi iliyomponyoka golikipa mikononi, na Stan Mortensen akausukuma mpira wavuni. Mchezo ulipokaribia kwisha, Mortensen akafunga tena kwa mpira wa adhabu, ikawa 3 kwa 3. Kisha, katika dakika zilizoongezwa ili kufidia muda uliopotea, Matthews akampita beki wake, ambaye misuli ya miguu ilikuwa imekwisha kumkaza kwa uchovu, akafika karibu na mstari wa goli, akaurudisha mpira nyuma. Bill Perry, mzaliwa wa Afrika Kusini, winga wa upande wa pili, alikuwa amekwisha kukimbilia katikati. Akaupiga, ukaingia, na Blackpool wakatwaa kombe kwa 4 kwa 3. Mortensen alifunga magoli 3 siku ile, lakini hata leo Waingereza huiita mechi ile Fainali ya Matthews, mtu ambaye hakufunga hata moja.

Huenda msomaji akauliza, kuna siri gani katika mpira unaotoka pembeni? Jibu lake ni rahisi, nalo lina sehemu tatu.

Kwanza, lango lina upana wa yadi 8 tu, na mabeki wote hujikusanya mbele yake. Mwenye kupita katikati hukuta msitu wa miguu. Winga akisimama karibu na mstari wa kando, hana budi kulindwa. Na beki anayetoka kwenda kumlinda huacha pengo nyuma yake. Kwa hiyo winga anayejua kazi yake humsaidia mwenzake hata kabla hajaugusa mpira.

Pili, macho. Mpira ukiwa katikati, beki huuona mpira na kumwona adui yake kwa pamoja. Mpira ukiwa pembeni karibu na mstari wa goli, beki hana njia ya kuona yote mawili: akiutazama mpira, adui humtoroka mgongoni, akimtazama adui, mpira humpita. Golikipa naye huvutwa kwenye mlingoti ulio karibu na winga, na sehemu kubwa ya lango hubaki wazi. Tena mabeki huwa wanakimbia kulielekea lango lao wenyewe, ambapo kosa dogo la mguu hutosha kujifunga. Lakini mshambuliaji huja akilitazama lango usoni.

Tatu, sheria ya ofsaidi. Sheria husema kwamba mchezaji aliye nyuma ya mpira wakati mwenzake anapoupiga hawezi kuhesabiwa kuwa ofsaidi. Basi winga akifika kwenye mstari wa goli na kuurudisha mpira nyuma, wenzake wote wanaoufuata wako salama, na filimbi ya refa haina neno nao. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwa winga, ukingoni ndipo kazi yake inapoanza.

Jambo hili lilionekana wazi huko Swideni tarehe 29 Juni, 1958, katika fainali ya Kombe la Dunia. Wenyeji walitangulia kufunga katika dakika ya 4, na watu wakadhani Brazil wataingiwa na hofu. Lakini Brazil walikuwa na winga wa kulia aliyeitwa Garrincha, mtu ambaye miguu yake ilikuwa imepinda tangu utotoni. Katika dakika ya 9 alimpita beki kwa nje, akafika karibu na mstari wa goli, akapitisha mpira wa chini mbele ya lango, na Vavá akafunga. Katika dakika ya 32 akafanya vile vile, na Vavá akafunga tena. Magoli hayo mawili yalifanana kama shilingi kwa ya pili. Beki alijua la kutazamia, na bado hakuweza kulizuia. Brazil wakashinda 5 kwa 2, ikawa mara yao ya kwanza kulitwaa kombe hilo.

Wako wanaosema kwamba timu yaweza kushinda bila mawinga, nao hutoa mfano wa Uingereza mwaka 1966, wakati Alf Ramsey alipolitwaa Kombe la Dunia kwa timu isiyokuwa na mawinga wa desturi. Maneno hayo ni ya kweli nusu. Katika fainali ya tarehe 30 Julai, Ujerumani Magharibi na Uingereza walipokuwa 2 kwa 2, Alan Ball alikimbilia mpira katika pembe ya kulia akaurudisha kwa Geoff Hurst. Hurst akaupiga, ukagonga mtambaa wa panya na kuanguka chini. Watu wanabishana hata leo kama ulivuka mstari. Refa alilikubali goli hilo, na Uingereza wakashinda 4 kwa 2. Ball hakuwa winga wa desturi, lakini alikwenda kuifanya kazi ya winga. Jina laweza kuondolewa katika orodha, kazi haiondoki.

Siku hizi mawinga wengi hupangwa upande usio wa mguu wao wenye nguvu, wapate kuingia ndani na kupiga wenyewe. Arjen Robben wa Bayern Munich, mwenye mguu wa kushoto, alijulikana sana kwa kucheza kulia namna hiyo. Lakini tarehe 25 Mei, 2013, katika fainali ya vilabu vya Ulaya dhidi ya Borussia Dortmund, hapo hapo Wembley, goli la kwanza lilipatikana kwa njia ya zamani: Robben alipenya upande wa kushoto mpaka karibu na mstari wa goli, akamvuta golikipa, akampitishia Mandžukić aliyekuwa mbele ya lango tupu. Baadaye, katika dakika ya 89, Robben mwenyewe akafunga goli la ushindi, 2 kwa 1.

Sasa yafaa tujiulize tufanye nini katika timu zetu. Winga mwenyewe ajizoeze mambo matatu: kuupokea mpira akiwa mbali na kundi, kumpita beki mara moja tu, na kuinua kichwa kabla ya kutoa mpira. Wengi humpiga beki chenga, kisha humngoja arudi ili wampige tena, kwa sababu watazamaji wanashangilia. Makofi hayo ni matamu, lakini wakati yanapopigwa mabeki wengine watano wamekwisha kurudi mahali pao.

Wenzake nao wasisimame kutazama. Winga akimpita beki, mmoja akimbilie mlingoti wa karibu, wa pili mlingoti wa mbali, na wa tatu abaki nyuma kidogo, penye alama ya penalti, kungoja mpira unaorudishwa. Winga wa upande wa pili aingie ndani kama Perry. Krosi nzuri isiyokuwa na mtu wa kuipokea ni sawa na mfereji wa maji uliochimbwa mpaka shambani pasipo mbegu.

Sisi makarani tunaijua hali ya winga. Barua huandikwa na mmoja, ikapangwa na kusahihishwa, kisha mwingine huweka sahihi yake chini, na jina linalosomwa ni la mwenye sahihi. Katika mpira pia, watoto huimba jina la aliyefunga. Kwa hiyo vijana wengi hodari hukataa kucheza pembeni, na mahali pao huachiwa wanyonge. Kapteni mwenye busara ampeleke huko kijana mwenye mbio na akili, amweleze kazi yake mbele ya wenzake wote, na goli likipatikana amshike mkono yeye kwanza, kabla ya mfungaji.