Kichaka cha Jirani na Notisi ya Afisa Afya

Mvua zikikolea Mwanza, kiwanja kisichokaliwa hugeuka pori ndani ya wiki chache. Iwe Mabatini, Igogo au Nyakato, habari ni ileile: pagale halina paa, majani yamefika dirishani, mwenye mali anaishi mkoa mwingine na simu yake haipatikani. Majirani wanakwenda ofisi ya serikali ya mtaa na lalamiko moja, kwamba kuna kichaka kinaleta mbu na nyoka.

Wana haki ya kusikilizwa. Ila lalamiko la namna hiyo halimpi mtendaji pa kuanzia.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kukagua eneo na kumwandikia mwenye eneo notisi ya kuondoa kero inayohatarisha afya. Anachotafuta akifika ni hatari yenyewe, na mara nyingi hatari hiyo haimo kwenye majani. Anopheles, mbu wa malaria, hutaga kwenye maji yaliyotuama, na wengi wao hupenda maji yanayopigwa na jua: shimo la msingi lililoachwa wazi, alama za matairi, mahali palipofyatuliwa tofali. Majani marefu humpa mbu kivuli cha kupumzikia mchana, basi. Ukifyeka bila kufukia shimo, umelifungulia dimbwi jua.

Mkazi anaweza kujionea mwenyewe. Achote maji ya dimbwi kwa bakuli jeupe, asubiri yatulie. Kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Cha Culex, mbu wa maji machafu, huning'inia kichwa chini. Picha ya bakuli hilo, tarehe na mahali dimbwi lilipo vina nguvu kuliko kurasa tatu za manung'uniko. Na asichelewe kuipeleka, kwa sababu yai huwa mbu anayeruka ndani ya takriban wiki moja hadi mbili.

Mahindi yanayopandwa kwenye viwanja vitupu nayo yana lake. Watafiti waliofanya kazi Ethiopia walionyesha kwamba chavua ya mahindi ikidondokea madimbwini, viluwiluwi huila na kukua upesi. Shamba peke yake si kosa. Shamba linalochanua kando ya dimbwi ndilo la kutajwa.

Kuhusu nyoka, Mwanza ina mazingira yake. Mapengo chini ya mawe ya vilimani ni makazi tayari, na nyoka hufuata panya, panya nao hufuata taka na mabaki ya chakula. Jalala lililojificha ndani ya kichaka liandikwe kwanza, kabla ya nyasi. Likiachwa baada ya kufyeka, panya wataendelea kula hapohapo na nyoka hawatakuwa na sababu ya kuhama.

Lalamiko lianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi, nakala ikienda kwa mtendaji wa kata na afisa afya. Kama mwenye kiwanja hajulikani, idara ya ardhi ya halmashauri ndiyo yenye kumbukumbu za viwanja vilivyopimwa, kwa hiyo namba ya kiwanja ikijulikana iandikwe. Bila jina, notisi haina wa kukabidhiwa.

Ufukweni mambo hubadilika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mafunjo na matete yanayoonekana kama uchafu huko huchuja tope kabla halijaingia ziwani na huwapa samaki mahali pa kuzalia. Ni kweli pia kwamba konokono wanaobeba kichocho hupenda maji tulivu yenye magugu, na mzazi anayeona watoto wakioga hapo ana sababu ya kuhofu. Hata hivyo asikimbilie panga wala kiberiti. Aende kwa afisa mazingira wa halmashauri, au Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake hapohapo Mwanza, aeleze watoto wanaoga wapi na magugu yameanzia wapi.