Kisiwa cha mafuriko kilichogeuka uwanja wa kila mtu

Asubuhi ya Oktoba 12, 2019, Wakenya wengi walikuwa wamekodolea televisheni macho. Eliud Kipchoge alikuwa anaanza mbio zake jijini Vienna, Austria, ambako alimaliza kilomita 42 kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40.

Ni wachache waliotazama kilichokuwa chini ya daraja alipoanzia. Daraja hilo, Reichsbrücke, linavuka mito miwili inayokwenda sambamba. Katikati ya mito hiyo kuna ukanda mrefu wa ardhi wenye miti na nyasi. Mto mmoja ni Danube. Wa pili ulichimbwa na binadamu, na ukanda huo wa ardhi haukuwepo kabla ya miaka ya 1970.

Wenyeji hukiita Donauinsel, yaani Kisiwa cha Danube. Kilijengwa kulikinga jiji na mafuriko, lakini siku ya Jumapili yenye jua hutaona dalili ya hofu hiyo. Utaona watoto wakiogelea, wazee wakitembea na vijana wakichoma nyama.

Mpenzi msomaji, habari hii inatuhusu. Nairobi nayo inajiuliza swali ambalo Vienna ilijiuliza: ardhi ya kando ya mto ambayo haifai kujengwa nyumba, itumiwe na nani?

Mto uliokuwa adui

Danube si kijito. Mwaka 1830 mafuriko yaliyosababishwa na barafu yaliua watu 74 mjini Vienna. Kati ya 1870 na 1875 mto huo ulichimbiwa njia mpya iliyonyooka, na kando yake ukaachwa uwanda mpana usiojengwa kitu, ili maji yakizidi yapate pa kukimbilia.

Mvua zisiponyesha sana, uwanda huo ulikuwa mkavu na mtupu. Basi watu wa kawaida wakaugeuza kuwa pa kupumzikia na kuchezea mpira. Ardhi ilikuwa wazi, ilikuwa karibu, na haikuwa na kiingilio.

Julai 1954 Danube ulifurika tena, na wataalamu wakaona kwamba kinga ya zamani haitoshi. Mwaka 1969 baraza la jiji likaamua kuchimba mto wa pili ndani ya uwanda huo huo. Udongo utakaotoka ungerundikwa katikati uwe kisiwa. Kazi ilianza 1972 na kumalizika 1988.

Wanasiasa walivutana sana. Wapo waliosema ni kutupa fedha majini. Wahandisi walitaka mfereji tu, lakini mwaka 1973 likaanzishwa shindano la kutafuta mawazo, na wasanifu wa majengo na wa bustani wakaketi na wahandisi mezani. Hapo ndipo iliposisitizwa kwamba kisiwa kiwe kinga na wakati huo huo kiwe mahali pa watu.

Milango ya maji

Kazi ya mto huo wa pili, uitwao Danube Mpya, si ngumu kueleza. Upande wa juu kuna milango mikubwa ya chuma ambayo kwa kawaida hufungwa. Kwa hivyo maji ya Danube Mpya hutulia kama ziwa, na ni safi kiasi cha watu kuogelea.

Danube unapojaa, milango hufunguliwa. Maji hugawanyika, sehemu yakifuata mto wa zamani na sehemu yakipita Danube Mpya. Wakati huo kuogelea hupigwa marufuku, hadi mafuriko yapite na maji yasafike tena.

Mito hiyo miwili kwa pamoja ilipangwa kubeba meta 14,000 za ujazo kwa sekunde. Chukua lori la kuuza maji la lita 10,000. Sasa fikiria malori 1,400 kama hilo yakipita mbele yako kila sekunde.

Kinga hiyo imejaribiwa. Juni 2013 Danube ulifikia karibu meta 11,000 za ujazo kwa sekunde, kiasi kilichopita kile cha 1954. Sehemu za chini za kisiwa zilizama, lakini jiji lenyewe halikupata madhara makubwa. Baada ya maji kupungua, matope yalizolewa na watu wakarudi na baiskeli zao.

Bila lango wala tikiti

Kisiwa kina urefu wa kilomita 21, sawasawa na mbio za nusu marathoni. Upana wake hauzidi meta 250 hivi. Hakuna kiingilio, na magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kuzurura humo.

Asiye na gari hapotezi kitu, kwani garimoshi la chini ya ardhi lina kituo kisiwani penyewe. Mama mwenye watoto watatu na kapu la chakula hushuka na kujikuta ukingoni mwa maji baada ya hatua chache.

Katikati ya kisiwa ndiko kwenye kelele, mikahawa na viwanja vya michezo. Ukielekea ncha zake, unaingia kwenye miti na madimbwi yaliyoachiwa vyura, ndege na wanyama wadogo. Tangu 1984 hufanyika pia tamasha kubwa la muziki la siku tatu, nalo ni la bure.

Jambo la kujifunza ni hili: mafuriko huja siku chache, tena si kila mwaka. Siku zilizobaki ardhi hiyo ina kazi nyingine, na palipo na watu kila siku si rahisi mtu kutupa taka au kuweka ua usiku wa manane. Watu wenyewe ndio walinzi.

Turudi nyumbani

Wakazi wa Nairobi hawajasahau mvua za Machi hadi Mei 2024, zilizoua karibu watu 300 nchini. Mwishoni mwa Aprili serikali iliwapa waliokuwa wakiishi kando ya mito muda wa saa 48 kuhama. Mathare na kwingineko matingatinga yalibomoa nyumba huku mvua ikinyesha, na familia nyingi zikabaki bila pa kulala.

Hapa ndipo tofauti yetu na Vienna ilipo. Wao walichimba kwenye ardhi ambayo sehemu kubwa ilikuwa imeachwa wazi kwa miaka mia moja. Sisi tuliziacha kingo zikajaa nyumba, kisha tukakumbuka sheria maji yalipofika kitandani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Isitoshe, mito yetu ni midogo na ya haraka. Danube huchukua siku kadhaa kujaa, lakini Mto Nairobi, unaoanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unaweza kujaa kwa saa chache mvua ikinyesha juu huku mjini kukiwa kukavu. Hata Vienna imeonja hayo. Septemba 2024 kijito kiitwacho Wien, kilicho mbali na kisiwa hicho, kilijaa ghafla na kuvuruga usafiri wa garimoshi. Kinga ya mto mmoja haizuii maji ya mwingine.

Hata hivyo si kweli kwamba hatujui raha ya maji. Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 karibu na Kibera, lilikuwa mahali pa kuendesha mashua za tanga na kuvua samaki, kabla ya taka na magugu maji kulifunika. Nayo bustani ya John Michuki, kando ya Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe, ilikuwa jaa la taka. Usafishaji wake ulianza 2008, Michuki alipokuwa waziri wa mazingira. Huko Korogocho na Mathare, vijana wamezoa taka kwa mikono yao na kupanda miti ukingoni.

Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua mpango wa kuufufua Mto Nairobi. Swali ambalo kila mzazi anafaa kuuliza ni hili: ukingo ukishasafishwa, mtoto wa aliyebomolewa nyumba ataruhusiwa kucheza pale? Au ardhi itazungushiwa ua na baada ya miaka michache tuone ghorofa?

Ikiwa mtu alihamishwa kwa sababu maji yanahitaji nafasi, basi nafasi hiyo ibaki ya maji na ya watu wote. Wawekewe njia ya kupita, miti, choo na bomba, pamoja na ishara ya kuwaonya mto unapojaa.

Kwa sasa, Jumapili ya jua, mpeleke mwanao akauone mto wa jiji lake. Mwonyeshe alama ya maji ya 2024 ukutani mahali ilipobaki, umweleze yalifika wapi. Na mawingu yakitanda upande wa Kikuyu, mrudishe nyumbani mapema.